Je, Mama Yule Alifanya Haki?

Mtu akitaka kujua kama picha ya sinema ni njema, asiwaulize watazamaji wangali ndani ya jumba, kwa kuwa humo giza limewafunika na nyimbo zimewalewesha. Na awafuate njiani warudipo kwao. Picha mbaya husahauliwa kabla ya kufika kona ya kwanza. Watu huanza kusemezana habari za mvua na za kazi ya kesho. Picha njema huwafuata mpaka kwa muuza kahawa, na pengine huingia nao nyumbani ikawagombanisha na ndugu zao.

Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki desturi ya kushindania picha za sinema ni ya zamani. Unguja ilikuwa na jumba lake zuri la Royal tangu mwaka 1921, na katika miaka ya 1950 na 1960 watu wa Mombasa walikuwa na Regal, Naaz na Majestic. Picha zilitoka Hollywood, Cairo na Bombay, walakini zile za Bombay ndizo zilizopendwa kupita kiasi, hata na watu wasiojua neno moja la Kihindustani. Walizifahamu kwa nyimbo, kwa machozi, na kwa jirani aliyeketi kiti cha pili akinong'ona tafsiri. Wako wakalimani wa namna hiyo waliokuwa hodari kweli. Wako na wengine waliokunywa kahawa ya bure kwa muda wa miaka mingi kwa maneno ambayo hakuna mchezaji hata mmoja aliyeyatamka, na ubishi mkubwa wa siku ya pili ulitokana na hao.

Kwanza ilikuja Awara, iliyotengenezwa na Raj Kapoor mwaka 1951. Humo mna hakimu aliyeamini kwamba mtoto wa mtu mwema huwa mwema, na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Kumbe mwanawe mwenyewe amelelewa na jambazi, akawa mwizi. Jambo hilo lilibishaniwa mabarazani kama kwamba kesi imo mikononi mwa wabishi wenyewe. Walimu walishika upande wa malezi. Wafugaji wa ng'ombe walishika upande wa damu, wakatoa ushahidi wa mafahali yao. Nao waliojua habari za wachezaji waliongeza kwamba yule hakimu, Prithviraj Kapoor, ndiye baba wa kweli wa Raj Kapoor, na hiyo ikazidi kuutia moto mjadala.

Lakini picha iliyowagawa watu kuliko zote ni Mother India, ya mwaka 1957. Mwenye kuitengeneza, Mehboob Khan, alikuwa amekwisha kuisimulia hadithi hiyo mara moja mwaka 1940 katika picha iliyoitwa Aurat, na mchezaji Kanhaiyalal alicheza mkopeshaji yule yule katika picha zote mbili. Mother India ilikuwa picha ya kwanza ya Uhindi kuingia katika orodha ya mwisho ya kushindania tuzo ya Oscar kwa picha za lugha za kigeni, mwaka 1958, ikashindwa na picha ya Italia. Mambo hayo ya tuzo hayakuwashughulisha sana watazamaji wa Mombasa. Kilichowashughulisha ni mama kumpiga mwanawe risasi.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hakupata kuiona, hadithi yenyewe ni hii. Radha anaolewa na Shamu katika kijiji cha wakulima, na mama mkwe anakopa rupia 500 za arusi kwa mkopeshaji mmoja jina lake Sukhilala. (Wazee wa Kenya walioiona picha hawakuhitaji kuelezwa rupia ni nini, kwa maana nchi yao nayo ilitumia rupia mpaka mwaka 1920.) Masharti ya deni yanabishaniwa. Wazee wa kijiji wanakata shauri kwa haki ya mkopeshaji, na tangu siku hiyo mume na mke wanatoa robo tatu ya mavuno yao kulipa riba tu. Ili wapate chakula zaidi wanaanza kulima nchi ya mawe. Jabali linamwangukia Shamu, anapoteza mikono yake yote miwili. Sukhilala anamdhihaki kwamba anakula jasho la mke wake, na Shamu anaondoka usiku, asirudi tena. Gharika inakuja, mazao yanaharibika, watoto wanakufa. Mkopeshaji anataka kumpa Radha chakula kwa bei ya heshima yake, naye anakataa, akajifunga nira mwenyewe akalima. Wanabaki wana wawili, Ramu mpole na Birju mkali. Birju anakua na chuki ya daftari la Sukhilala na ya bangili za mama yake zilizowekwa rehani. Mwisho anakuwa mnyang'anyi, anarudi kijijini siku ya arusi ya binti wa Sukhilala, anachoma madaftari ya madeni, anamwua mkopeshaji, na kumchukua bibi arusi juu ya farasi. Radha alikuwa ameahidi kwamba binti huyo hatadhurika. Anashika bunduki, anampiga mwanawe, na mwana anakufa mikononi mwake.

Basi ndipo taa zilipowashwa na ugomvi ukaanza.

Makarani wa forodha na wa reli walikuwa, kwa jumla, watu wa sheria. Walisema mnyang'anyi ni mnyang'anyi, awe na mama au asiwe naye. Vijana walisema mama ameonewa na tajiri maisha yake yote, na siku ya mwisho bado anailinda nyumba ya tajiri. Wanawake, ambao katika pwani walikuwa na maonyesho yao wenyewe ya alasiri bila ya wanaume, walitoka na hoja ambayo wanaume wengi hawakuifikiria: binti yule ana kosa gani? Baba yake ndiye mwenye daftari. Yeye hakumkopesha mtu hata ndururu. Mvuvi mmoja mzee, asiyejali sheria wala riba, aliuliza swali moja tu kila ilipotajwa picha hiyo: kwa nini mama hakumpiga farasi? Alijibiwa mara nyingi kwamba Radha hakuwa askari wa kulenga shabaha, lakini jibu hilo halikumridhisha hata mara moja.

Tena ilikuwako aibu ya nje ya picha. Nargis aliyecheza mama, na Sunil Dutt aliyecheza mwanawe Birju, walioana kweli mwaka 1958. Moto ulizuka wakati wa kutengeneza picha, Nargis akazingirwa, na Sunil Dutt akaingia akamtoa. Wako watu Mombasa walioapa kutoiangalia tena picha ambayo mama ameolewa na mwanawe. Ilibidi waelezwe kwamba wachezaji hao wawili walizaliwa mwezi mmoja wa mwaka 1929, kwa tofauti ya siku tano, na kwamba mvi za Nargis ni za rangi tu. Hata walipokwisha kuelewa, hawakupendezwa.

Kulikuwako na jambo jingine, lenye uzito zaidi, ambalo watu walilisema kwa sauti ya chini. Mwafrika wa miaka ile alimjua Mhindi akiwa nyuma ya meza ya duka, na daftari lake limeandikwa kwa herufi ambazo mnunuzi hawezi kuzisoma. Katika Mother India alimwona Mhindi upande wa pili wa meza: yuko peku, mwanawe ana njaa, naye hawezi kusoma hesabu ya deni lake mwenyewe. Wakulima wengi waliposhuka kutoka milimani na kuitazama picha hiyo walishangaa, wakasema kumbe hata kwao wako. Yaelekea hakuna hotuba ambayo ingaliweza kuwaambia jambo hilo wakalisadiki.

Miongoni mwa waliobishana juu ya picha hiyo, wakati ilipoonyeshwa tena mwanzo wa mwaka 1962, walikuwa ndugu wawili wa Taita. Mdogo alikuwa karani katika nyumba ya biashara ya jumla Mombasa, na kazi yake hasa ilikuwa kuandika madeni. Alikuwa amepanga chumba Majengo. Mkubwa alikuwa mkulima wa kabeji na nyanya katika milima ya Taita, ambako mboga nyingi za soko la Mombasa hutoka. Alikuwa ameshuka, kama alivyosema, kutazama bei za sokoni. Siku ya kwanza alitazama sokoni. Siku ya pili hakwenda. Siku ya tatu, Jumamosi, mdogo wake alimchukua sinema.

Jumapili jioni walikuwa kwa muuza kahawa pamoja na wenzao wa siku zote. Yule karani alikuwa mbishi mashuhuri, na jioni hiyo alikuwa katika hali yake bora. Alimtetea mama kwa sheria, kisha kwa ahadi, kisha kwa heshima ya kijiji. Alipoona hakuna tena wa kupinga, akamgeukia Shamu, mtu ambaye kwa kawaida hakuna anayemjadili kwa kuwa hutoweka mapema. "Mkosa wa kwanza ni huyo baba," alisema. "Mwanamume gani huacha mke na watoto kwa sababu ya maneno ya mwenye duka? Angalikaa, hata bila mikono, Birju asingaliharibika." Watu waliitikia wote. Hata mvuvi alimwacha farasi kwa muda, akaafiki.

Kaka yake alikuwa hajasema neno tangu vikombe vya kwanza. Aliweka kikombe chake chini akasema, "Nyinyi mnamhukumu upesi sana."

"Kwa nini, kaka?"

"Mwenye duka hakumwambia peke yake. Alimwambia mbele za watu. Mtu akikwambia chumbani kwamba unalishwa na mke wako, utamjibu. Akikwambia mbele ya watoto wako, utajibu nini? Na hasa kama ni kweli." Akanyamaza kidogo. "Mimi naona alikwenda ili watoto wasimwone tena akinyamaza."

Hakuna aliyelijibu hilo. Muuza kahawa alisuuza vikombe. Baadaye kidogo mtu mmoja akaanza habari za nyimbo, ambazo Naushad ndiye aliyezitia muziki, na mazungumzo yakafuata njia nyingine.

Lakini karani, ambaye kazi yake ilimzoeza kutambua tarakimu isiyolingana na nyenzake, alianza kuhesabu. Kaka yake hakuleta kikapu cha maparachichi, naye hajapata kuja bila kikapu. Hakuleta salamu za mke wake. Na juzi aliuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, ni kiasi gani wanacholipwa wachukuzi wa bandarini. Walipokuwa wakirudi Majengo, mdogo aliacha Kiswahili akasema Kitaita.

"Kaka, shemeji anajua uko wapi?"

Mkubwa alitembea hatua kadha wa kadha. "Anajua niko sokoni."

"Soko gani?"

"Soko tu."

Habari ilitoka polepole, na sehemu kubwa yake ilitoka wakiwa wamekwisha kuketi chumbani. Mvua zilikosa mwaka 1960, na tena katika sehemu kubwa ya mwaka 1961. Kisha mwisho wa mwaka huo ukaja ule mfululizo wa mvua kubwa uliokata barabara katika sehemu nyingi za Kenya. Nyanya zilizookoka ukame zilioza zikingoja lori. Mbegu, mbolea, mafuta ya taa na karo ya mtoto wa kwanza, vyote vilikuwa vimechukuliwa kwa deni katika duka moja la huko kwao. Siku moja alipokwenda kuomba muda zaidi, mke wake na watoto wawili wakiwapo, na majirani wengine wakiwapo, mwenye duka alisema kwamba jembe la nyumba hiyo linashikwa na mwanamke, basi mara nyingine na aje mwanamke. Siku ya tatu yake alishuka Voi akapanda gari la moshi.

"Shilingi ngapi?" karani aliuliza.

"Mia tatu na ishirini."

"Umeliona daftari?"

"Nimeambiwa."

"Sikuulizi kama umeambiwa. Umeliona kwa macho yako?"

Hakuliona. Hakufikiri kwamba ni kitu cha kuangaliwa. Yeye alisoma darasa nne, aweza kusoma barua na gazeti, lakini katika miaka minane hakupata hata siku moja kuomba daftari ligeuzwe upande wake. Hapa yafaa isemwe kwamba mambo yalikuwa hivyo kwa watu wengi, na si kwa ujinga. Mtu aliyekopeshwa chumvi kwa hisani huona haya kumwambia mwenye hisani, "Hebu nionyeshe ulichoandika." Adabu hiyo ni njema kati ya jirani na jirani. Dukani humgharimu mtu fedha.

Karani aliwasha taa, akatoa karatasi. Kaka yake alikuwa na vipande kadha vya stakabadhi katika mfuko wa koti, vimekunjwa pamoja na tikiti ya gari la moshi, na mengine aliyataja kwa kichwa: gunia hili mwezi fulani, karo hii muhula fulani. Walifanya kazi hiyo mpaka karibu saa sita ya usiku. Jumla ikatoka shilingi 214.

Mkubwa aliruka. "Mwizi!"

"Bado," alisema karani. "Hujui watoto wamechukua sukari mara ngapi. Hujui shemeji amechukua nini ulipokuwa shamba. Mimi naandika madeni kila siku, kaka. Kuna watu huja wakiapa kwamba wameibiwa, nami nikiwafungulia daftari wanakumbuka wenyewe. Kuna wengine huja wakiapa, nami nikifungua naona kwamba ni mimi niliyekosa. Mpaka lifunguliwe, hapana ajuaye."

Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akarudi kwenye sinema. Alisema kwamba sasa ndipo anapoona kosa kubwa la Birju, kosa ambalo hakuna mtu aliyelitaja kwa muuza kahawa. Alichoma madaftari. Ikiwa Sukhilala aliwaibia wanakijiji wote, ushahidi wa wizi wake ulikuwa humo humo, na Birju aliuteketeza kwa mkono wake mwenyewe.

Kaka yake alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke Mombasa. "Karani wewe," alisema, "hata katika unyang'anyi unatafuta risiti."

Siku ya pili yake karani aliomba ruhusa ya siku tatu, akapewa mbili. Walipanda gari la moshi la jioni mpaka Voi, wakapata basi la asubuhi kupanda milimani, nao walikwenda dukani kabla ya kwenda nyumbani, maana mkubwa alisema hatapita mlangoni mwake akiwa na jambo hilo mgongoni. Mwenye duka hakufurahi. Walakini karani hakuja na ukali. Alisema kwa heshima kwamba yeye pia ni mtu wa madaftari, na kwamba angependa wasomewe deni la ndugu yake, mstari kwa mstari. Daftari likafunguliwa. Sukari ya watoto ilikuwamo, nyingi kuliko alivyodhani baba yao. Mafuta ya taa yalikuwamo. Na shilingi 59 zilikuwamo za mabati na misumari, vitu ambavyo mkulima yule hakupata kununua, na ambavyo vilichukuliwa na mtu mwingine wa jina lile lile, wa kijiji cha pili. Mwenye duka alikubali. Alifuta, akaandika 261. Kwa yale maneno aliyoyasema mbele ya watoto hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtaka aombe, ingawa mkulima alisimama pale dukani kitambo kidogo kuliko ilivyohitajika.

Karani alilipa shilingi 60 papo hapo kutoka mshahara wake, na iliyobaki ikapangwa kulipwa kwa mavuno mawili.

Jioni hiyo, nyumbani, mke wa mkulima aliwaandalia chakula bila kuuliza. Alipokwisha kuondoa vyombo ndipo akauliza mumewe alikuwa wapi siku zote hizo. Mume alimtazama ndugu yake, ndugu yake akatazama moto.

"Tulikuwa sinema," alisema mume.

"Wiki nzima?"

Basi ilibidi asimuliwe. Walimsimulia kwa kupokezana, mkubwa akiushika mwendo wa hadithi na mdogo akimsahihisha, nao watoto wakasogea karibu wasikilize. Walipofika mahali pa bunduki, mdogo aliona huu ndio wakati wake. Akaliweka swali kama alivyozoea kuliweka kwa muuza kahawa: sheria upande huu, uchungu wa mama upande huu, je, mama yule alifanya haki?

Shemeji yake hakujibu swali hilo. Aliuliza lake. "Yule Shamu, alirudi?"

"Hakurudi."

"Hata watoto walipokufa?"

"Hata hapo."

"Basi bunduki ingalingojea huyo," alisema, akaenda kufunga mlango wa zizi.

Mume wake, ambaye Mombasa aliwanyamazisha watu wazima saba juu ya jambo hilo hilo, hakumpinga.